Boma la Watu wa Chini

Nilipokuwa mtoto, kabla hatujarudi Maskati, tuliishi Ayalandi. Mama alikuwa akisomea udaktari, na Bibi, mama yake, akinilea. Nyumba tuliyopanga ilikuwa shambani, na nyuma yake palikuwa na boma la kale: tuta la udongo lililozunguka duara kama ukingo wa sinia, na katikati mlango wa njia ya chini kwa chini iliyojengwa kwa mawe. Wakulima wa zaidi ya miaka elfu iliyopita waliishi humo, na maadui wakija walijificha chini. Majirani hawakujali historia hiyo. Wao walisema pale pana wenyewe, watu wa chini, na atakayekata hata kijiti atakiona cha mtema kuni.

Bibi hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kwao Unguja, penye wenyewe hupigwa hodi. Basi kila tukipita alitoa salamu, na Ijumaa alifukiza ubani. Mwenye shamba, mzee mkimya, alimpenda kwa hilo.

Mzee akafa, shamba likarithiwa na mpwa wake wa mjini. Asubuhi moja akaja na katapila.

Majirani walitoka wote. Nilidhani wanakuja kumzuia, kumbe wanakuja kutazama atakavyokufa. Walijipanga kwenye ua wa shamba, mikono mifukoni. Mama alitaka kupiga simu serikalini, maana sheria ililinda maboma yale. Bibi akamshika mkono.

"Waachie wenyewe," alisema. "Nnakwambia, hafiki jioni huyo."

Mama akaiweka simu. Hakuzoea kumbishia mama yake. Kufika adhuhuri boma lilikuwa uwanja mtupu. Yule bwana alikula, akalala, akaamka mzima.

Tulirudi Maskati, tukakaa Wadi Kabir, miaka ikapita. Kila tulipopata habari za kule, Bibi aliuliza kama yule bwana kapata lolote. Nilimwambia kajenga nyumba pale pale, na afya tele.

"Bado," alisema. "Wanamngoja."

Alikufa akiamini hivyo.

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Yule bwana alikuwa na tamaa, na tamaa naielewa. Siwaelewi watu wazima waliojaa kwenye ua, waliojua kumwogopa asiyeonekana lakini wakashindwa kumwambia mtu mmoja azime mashine yake. Nampenda Bibi, Mungu amrehemu, na nimemkasirikia pia. Kama chini pale palikuwa na watu kweli, basi asubuhi ile walikuwa wakisikiliza juu, wakitungoja sisi.