Mmea wa Mama Kwenye Kopo la Rangi

Mama alipofariki, kaka yetu alibaki na nyumba, na sisi wasichana wawili tukaambiwa tuchague vitu vya kumkumbuka. Mimi nilitaka mmea wake tu, ule wa majani marefu magumu ambao watu huuita ulimi wa mama mkwe. Aliupanda kwenye kopo la rangi, la buluu, na ulikaa kando ya kiti chake miaka yote. Dada yangu mkubwa, anayeishi Gataka, ndiye aliyekuwa na gari, kwa hiyo yeye ndiye aliyebeba vitu kutoka nyumbani. Baada ya wiki chache akaniletea Kitengela kopo lile lile. Nilishindwa hata kumkaribisha chai, nililia.

Niliutunza kwa wivu. Maji yetu ya kisima yana chumvi na huacha utando mweupe kwenye majani, basi nikawa naukingia ya mvua. Dada akipiga simu alianza na mmea huo. "Mama anaendeleaje?" Nami namweleza: jani jipya limetoka, ncha moja imekauka.

Mwaka huu kopo lilianza kutuna ubavuni. Mizizi ya mmea huu ikibanwa hupasua. Nilienda kwa wauza maua wa barabara ya Namanga, na roho ikapenda chungu kikubwa cha saruji, nimpe mama makao ya heshima. Lakini chungu kikizidi ukubwa, udongo hushika maji ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza, na mmea ukaoza. Nikachukua cha udongo, kipana kuliko kopo kwa vidole viwili, chenye tundu chini.

Kopo lilikataa kuachia. Nililikata kwa mkasi wa bati, udongo ukamomonyoka, na nikaona plastiki nyeusi. Ulikuwa mfuko wa kitalu, wa kuuzia miche, na mizizi ilikuwa imeutoboa na kuuzunguka. Mama hakuwahi kununua mmea maishani mwake. Nilikaa pale barazani na mikono michafu, nikampigia dada simu.

Hakukana.

"Ya mama iko huku kwangu," akasema. "Wewe ungeiua na hiyo maji yenu ya chumvi. Nilikununulia ingine mzuri nikaweka kwa mkebe yake. Si ulifurahi?"

Niliujua alioutaja. Ulikuwa dirishani kwake, nimeuona mara nyingi. Aliniambia aliununua Rongai, na akaniuliza kama anaumwagilia kupita kiasi. Nikamshauri. Nikaona hata fahari kidogo, maana wangu ulikuwa umenona kuliko wake. Na simu zote zile, akimtaja mama, huku akijua ninamsifia mche wa barabarani. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu alikuwa akinisuka nywele nikiwa mdogo. Niliumia kuliko siku ya mazishi.

"Usikasirike sasa," akasema. "Imetoa watoto. Jumamosi nitakuletea moja."

Nikamuuliza nitajuaje kama ni wa mama.

Nilitaka sana awe na jibu.

"Utajua tu," akasema.

Aliuleta kweli, majani mawili na vimizizi, umefungwa kwenye gazeti. Nimeupanda kwenye kikopo kidogo nilichokitoboa chini, maana bado ni mchanga. Naumwagilia maji ya mvua, na siuamini.