Pua ya Shangazi

Shangazi yangu hanywi wiski kwa pupa. Huifunika glasi kwa kiganja, kile kiganja kipana kinachorudisha usukani kila wanafunzi wake wa udereva wanapopotoka, kisha huinusa mdomo ukiwa wazi kidogo. Ya mahindi huiita mtoto wa kubembelezwa. Ya shayiri iliyokaushwa kwa moshi huiita mkwe mkorofi: ukishamzoea humwachi. Akionja, sauti yake hushuka kama ya mtu aliyeingia chumba alicholala mgonjwa.

Basi hebu niambieni kama nilikosea kukasirika. Tulikwenda hotelini kwenye darasa la kuonja wiski. Mwalimu akawamiminia wanaume kila aina. Alipofika kwa shangazi, akamwekea mvinyo mtamu. “Hii ndiyo ya kina mama,” akasema, na meza nzima ikacheka, mume wa shangazi akiwemo!

“Mwalimu,” shangazi akauliza, “kwani pua nayo ina jinsia?”

Hakungoja jibu. Aliichukua chupa ya ile ya moshi, akajimiminia, akammiminia na mama mmoja jirani yake ambaye mvinyo wake ulikuwa haujaguswa.

“Mke wangu, unatuaibisha,” mumewe akanong’ona.

Hakumgeukia hata kidogo. Alifunika glasi, akanusa, akaonja taratibu huku mishipa ya shingo imemsimama, na katikati ya ghadhabu ile ile nikaona uso wake ukilainika.

“Kumbe hii ina chumvi,” akasema kwa sauti ya chini.

Yule mama akaonja yake, akafumba macho. “Kweli, dada. Tena chumvi ya bahari.”