Majembe Niliyoyarudisha Nyumbani

Mimi ndiye fundi bomba wa kijiji chetu cha ujamaa huku Mamba, na nasema bila haya kwamba siku ile nilijua ninachofanya. Bomba la maji machafu ya zahanati lilikuwa limepasuka chini ya ardhi, maji yakawa yanarudi chumba cha wazazi. Likapigwa baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, watu wakaja na majembe. Nikawarudisha.

"Siku hizi hatuchimbi," niliwaambia. "Naliziba kwa ndani."

Bibi Nakundwa aliegemeza jembe lake ukutani, akaketi kunitazama. Nililoweka gunia kwenye saruji, nikaliviringisha kwenye mpira wa ndani wa tairi, nikalifunga kwa katani kama mzigo wa punda, lisije likachomoka njiani. Nikauvuta mpira kwa kamba hadi penye ufa, nikaujaza upepo, gunia likabana vizuri. Kesho yake ningetoa upepo na kuvuta mpira, gunia libaki limeziba ufa.

Kesho yake upepo ulitoka, mpira haukutoka. Yale mafundo yangu hodari yalikuwa yameganda pamoja na saruji. Nikavuta kwa nguvu, kamba ikakatika. Bomba lililokuwa likivuja sasa lilikuwa halipitishi hata tone.

Baragumu lilipolia tena, mpigaji nilikuwa mimi. Bibi Nakundwa alifika wa kwanza, mikono mitupu.

"Shikamoo bibi. Mbona huna jembe?"

"Marahaba, fundi. Jana sikuondoka nalo. Liko pale pale ukutani. Haya, nionyeshe pa kuchimba."