Mama Mkwe na Kinywaji cha Sindano

Walimwita Sindano tangu ujanani, enzi alipokuwa mwembamba kiasi kwamba kinyozi aliyemfundisha kazi alikuwa akimtania asisimame karibu na feni. Jina likaganda. Mwili ndio haukuganda. Kufikia umri wa makamo, wateja wapya walioelekezwa kwa kinyozi Sindano walikuwa wakichungulia ndani ya kibanda, wanaona pande la mtu limeinama juu ya kichwa cha mteja na mashine mkononi, kisha wanauliza kama Sindano ametoka.

"Ndiye mimi," alikuwa akijibu bila kugeuka. "Nimevimba kidogo."

Watu walicheka, naye alicheka nao. Lakini waliomjua vizuri walijua unene ule ulianza lini. Ulianza mwaka aliofiwa na mkewe.

Mkewe alikuwa mtoto wa pekee wa mama mmoja aliyepika katika shule ya bweni maisha yake yote. Baada ya mazishi, ndugu walitegemea kwamba mama yule angerudi kwake. Hakurudi. Wageni walipokwisha kutawanyika alifunga kitambaa kichwani, akaingia jikoni, akapika. Sindano akakaa mezani, akala kwa sababu hakuwa na nguvu za kukataa. Akaongezewa, akala tena. Hakuna aliyemwambia mwenzake kaa au nenda. Miaka ikapita hivyo, mtu na mama mkwe wake chini ya paa moja, wakiheshimiana mno, kila mmoja akikohoa kidogo kabla ya kuingia sebuleni ili asimshtue mwenziwe.

Kisha goti la kulia likagoma. Kazi ya kinyozi ni ya kusimama kutwa, na Sindano alifika mahali pa kunyoa huku ameegemeza kiuno ukutani. Daktari alisema goti linataka upasuaji, ila hatalitia kisu mpaka mwenye goti apungue, tena apungue bila kupoteza misuli, maana misuli hiyohiyo ndiyo itakayomnyanyua kitandani baadaye. Akampeleka kwa mtaalamu wa lishe, msichana mpole mwenye miwani, aliyempangia chakula kidogo kuliko alichozoea na akamwongezea unga wa protini wa kunywa asubuhi. "Uchanganye na kitu chepesi," alimwambia.

Sindano alirudi nyumbani na kopo kwapani. Mama mkwe akalipokea kwa mikono miwili, akalifungua, akanusa.

"Hii ndiyo dawa yenyewe?"

"Si dawa, Mama. Ni chakula cha misuli. Unachanganya na kitu chepesi, basi."

"Niachie mimi, mwanangu."

Sasa, kwa mtu aliyelisha shule nzima, kitu chepesi ni kile kisichohitaji kutafunwa. Kulipokucha, Sindano alikuta mezani bilauri ndefu imejaa mpaka ukingoni. Ndani yake mlikuwa na maziwa pamoja na krimu yake yote, ndizi zilizoiva, asali, siagi ya karanga na, chini kabisa, ule unga. Alipoonja alifumba macho kwa utamu.

Alijua fika kwamba hicho si kitu chepesi. Lakini mkwe wako amesimama mlangoni anafuta mikono, anakutazama ukinywa, utaanzia wapi? Alikunywa yote, akashukuru. Kesho yake vilevile.

Alipopanda mizani kliniki, mtaalamu alimshusha, akampandisha tena.

"Kaka, umeongezeka."

"Labda viatu."

"Viatu umevua." Msichana akavuta kiti. "Unga unachanganya na nini?"

"Na maziwa."

"Maziwa gani?"

"Maziwa tu," alisema Sindano, akiukazia macho ukuta.

"Nani anakutengenezea?"

"Mama."

"Basi siku nyingine njoo naye."

Mama mkwe alivaa gauni lake la kutokea. Alipoulizwa anaweka nini, alitaja kimoja baada ya kingine bila kuficha, akaeleza hata jinsi ya kuchagua ndizi. Mtaalamu hakucheka.

"Mama, kinywaji hicho ni kizuri kwa mtu aliyekondeshwa na maradhi," alisema. "Kwa kaka, ni mlo mzima juu ya mlo mwingine. Unga hauna neno. Kinachomnenepesha ni hivyo unavyoukorogea." Akamtajia vya kutumia: maziwa yaliyoondolewa mafuta, kahawa isiyo na sukari, maziwa ya lozi yasiyotiwa sukari, au maji matupu.

"Maji," alisema Mama, kama mtu aliyeambiwa amlaze mgeni sakafuni.

Waliporudi nyumbani Mama alibadilisha gauni, akakaa jikoni na sinia la mchele mapajani, akawa anachambua. Sindano akakohoa mlangoni, akaingia, akaketi.

"Kumbe nimekuwa nikikuumiza," alisema Mama, macho kwenye mchele.

"Hapana, Mama. Mimi ndiye nilipaswa kukwambia. Niliona haya."

Mama akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka pembeni. "Mwanangu mwishoni alikuwa hali chakula. Nilipika kila ninachokijua, akawa anageukia ukutani. Basi wewe ulipokula, ile mara ya kwanza, nikasema moyoni, huyu atabaki. Ndipo nikawa nakujazia."

Sindano alilichukua sinia taratibu, akaliweka mapajani mwake, akaendelea kuchambua yeye.

"Nitabaki, Mama," alisema hatimaye. "Hata ukinipa maji."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Maji peke yake siwezi kukupa. Tutatafuta."

Wakatafuta kweli. Unga kwa maji ulikuwa na ladha ya ukuta uliopakwa chokaa. Kwa chai ya moto ulishikana madonge ambayo hata chujio halikuyaweza. Mama alipokamulia limau, kinywaji kikakatika vipandevipande, wakatazamana, wakakimwaga. Dukani alisimama mbele ya pakiti ya maziwa ya lozi, akamuuliza muuzaji ni nani aliyekaa akaikamua lozi. Alinunua, lakini kwanza alivaa miwani akasoma mgongo wa kila pakiti, na zile zilizotiwa sukari akazirudisha kwa uso wa kuzisuta. Kila alichochanganya alionja yeye kwanza, kisha akampa mkwewe.

Kilichowakubali ni kahawa nyeusi. Aliichemsha jioni na kijiti cha mdalasini, akaiacha ipoe, asubuhi akaimimina kwenye chupa ya kutikisia, akaongeza maziwa kidogo ya lozi na barafu, unga ukaja mwisho ili usigande chini. Sindano alionja, akaonja tena.

"Hii ina sura ya kitu," alisema.

"Kunywa, baba. Na kesho ipo."

Uzito ulishuka polepole, ukasimama, ukashuka tena. Daktari alilifanyia kazi goti lake, na siku ya kujaribu kusimama Mama alikuwa kando ya kitanda, mkono mmoja umeshika bega lake kana kwamba angeweza kulizuia pande lile lisianguke. Halikuanguka.

Siku hizi Mama anatengeneza bilauri mbili, kwa kuwa yule msichana wa kliniki alimwambia hata wazee wanahitaji misuli. Na kwa kuwa kinywaji hakichukui muda kama mlo, wanabaki mezani bila kazi, wakimzungumzia marehemu, jambo ambalo hawakuwahi kulithubutu. Juzi Mama alisimulia jinsi binti yake alivyokuwa mtoto mchokozi, akijificha ndani ya sufuria kubwa la shule mpaka wapishi wote wakamtafuta nje. Sindano hakuwa amewahi kulisikia hilo. Alicheka hadi akashika mbavu, akaomba asimuliwe tena tangu mwanzo, na kule kibandani wateja wakamngoja.