Kukonda Mbele ya Dani

Daktari aliniambia nipunguze mwili kabla sijashika mimba nyingine, nami nikaitikia kama mtu aliyeambiwa apitie dukani akirudi nyumbani.

Nilikuwa nimepoteza mtoto mwaka uliotangulia. Mimba ilifika miezi sita, presha ikapanda, miguu ikavimba mpaka nikawa navaa viatu vya mume wangu. Mtoto alitoka akiwa hai, lakini kwa muda mfupi usiotosha hata kumpa jina. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hakunilaumu. Alisema presha ya mimba ina sababu nyingi, uzito ni mojawapo, na hiyo angalau tunaweza kuishughulikia.

"Usijinyime chakula," alisema. "Ugali upungue, mboga ziongezeke, soda uache, utembee kila siku. Polepole tu. Ukishashika mimba hatutapunguza tena. Tutaangalia usiongeze kupita kiasi."

Jambo ambalo hakulijua, na ambalo sikuwa na maneno ya kumweleza, ni kwamba nilikulia mahali ambapo kukonda kulikuwa na maana moja tu.

Mama yangu alianza kukonda nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa ametangulia. Tuliishi kwenye nyanda za Kano, karibu na Ahero, katika boma la mama mzazi wa baba, ambaye mpaka leo namwita dani, kama wajukuu wote wa kwetu wanavyowaita nyanya zao. Mama alitoka Seme, upande wa ziwa, kwa hiyo wakwe zake walimwita Nyar Seme, binti wa Seme. Miaka hiyo dawa zilikuwa hazijatufikia. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Wengine walisema ni chira, ile laana inayomkausha mtu aliyevunja mwiko. Wengine walisalimia, wakamtazama mama mara moja, kisha wakaangalia chini.

Walimletea chakula hata hivyo. Mayai ya kuchemsha, maziwa lala, uji wa wimbi, samaki wa kuchemshwa aliyefunikwa kwa sahani. Dani aliviweka kando ya kitanda na kwenda shambani. Mama alionja vijiko viwili, akapumzika, kisha akasukuma bakuli upande wangu.

"Kula, nyathina," alisema. Mwanangu. "Nikikuona ukila nasikia nimeshiba."

Nikala. Nilikula mpaka nikalamba bakuli, na dani akirudi alikuta vyombo vitupu, akafurahi akidhani mgonjwa anapata nafuu. Kadiri mama alivyokonda ndivyo mimi nilivyonenepa. Siku ya mazishi shangazi mmoja alinifinya mashavu, akawaambia wenzake kwamba angalau mtoto ana afya.

Baada ya hapo dani alinilisha kama mtu anayejaza shimo. Nikawa msichana mnene, kisha mwanamke mnene, na kila nilipokwenda nyumbani alinitazama toka juu hadi chini, akatulia.

Kwa hiyo nilianza. Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo Nyamasaria, viti viwili na kioo kirefu ukutani. Asubuhi kabla ya kufungua nilitembea kando ya barabara kuu mpaka jasho linishike, nikarudi kuoga. Omena, wale dagaa wa ziwani, nikawachemsha na nyanya badala ya kuwakaanga. Mume wangu, ambaye anafanya kazi kwenye kinu cha mpunga Ahero, aliacha kuleta soda nyumbani, akakubali ugali wa jioni uwe mdogo, ingawa najua alikuwa akila chapati njiani. Miezi ya kwanza sikuona tofauti. Kisha sketi zikaanza kuzunguka kiunoni.

Wateja waliona kabla yangu. Mmoja aliniuliza dawa gani ya kienyeji nimetumia. Mwingine, mama wa kanisani ambaye nimemsuka miaka mingi, alingoja mpaka tubaki wawili, akanishika mkono.

"Mama, siku hizi si kama zamani," alisema. "Ukianza dawa mapema unaishi vizuri. Ukitaka, tutaenda kupimwa pamoja. Hakuna mtu atajua."

Nilimwambia nimepimwa, niko salama, ni daktari aliyenishauri nipungue. Akatikisa kichwa kwa upole wa mtu asiyeamini, na wiki iliyofuata akaniletea samaki mkubwa aliyemnunua ufukweni.

Kisha ikaja ile alasiri niliyoinua uso kutoka kwenye kichwa cha mteja, nikamwona mama kwenye kioo. Simaanishi mzuka. Ni kwamba mashavu yalikuwa yameingia ndani na mifupa ya chini ya macho imejitokeza, na mifupa ile haikuwa yangu, ilikuwa yake. Sikuwahi kujua nafanana naye. Unene ulikuwa umenificha maisha yangu yote. Nilishika kitana hewani mpaka mteja akauliza kama namalizia au vipi. Kuanzia siku hiyo nikawa nasuka nimekipa kioo mgongo, na mteja nimemgeuza aangalie barabara. Nilisema mwanga wa mlangoni ni mzuri zaidi.

Mvua za masika zilipofika, mto ulivunja kingo na maji yakaingia bomani kwa dani kama yanavyoingia karibu kila mwaka, lakini safari hii yalikaa. Mume wangu alimtoa kwa bodaboda na sehemu nyingine akambeba mgongoni. Akamleta kwetu na blanketi lake, Biblia na kuku mmoja.

Nilikuwa jikoni. Nikatoka kumpokea, nikasimama mlangoni, jua la dirishani likiwa nyuma yangu. Dani aliteremka kwenye pikipiki, akaniona, akasimama.

"Nyar Seme," alisema.

Mume wangu alidhani ni uchovu. Akacheka kidogo, akamwambia, "Dani, huyu ni mjukuu wako."

"Najua ni nani," alijibu. Hakunisalimia mpaka alipokaa na kunywa chai. Ndipo akanishika mkono, akazungusha vidole vyake kwenye kifundo, vikakutana upande wa pili. Akaviacha hapo. Nilikumbuka kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akimpima mama kila asubuhi.

Nilimweleza yote. Mtoto aliyepotea, presha, maneno ya daktari. Nikamwonyesha hata jinsi ninavyotembea asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umepimwa?"

"Nimepimwa, dani. Mara mbili. Sina kitu."

"Sawa," alisema, na asubuhi iliyofuata nikaamshwa na harufu ya uji wa wimbi wenye njugu na sukari nyingi. Alikaa mbele yangu mpaka nikamaliza bakuli. Siku ya pili nilikula nusu, nikamwambia nimeshiba. Alilichukua lile bakuli akatoka nalo nje, na nilipochungulia nilimkuta ameketi juu ya ndoo, bakuli mapajani, akiulilia uji.

Nilikaa chini karibu naye. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

"Mama yako alikuwa na mimba," alisema. "Baba yako alikufa bila kujua. Tulipompeleka hospitali walisema lazima ale, mtoto anamaliza nguvu zake. Mimi nikapika. Nilikuwa nikikuta bakuli tupu, nikasema, Mungu mkubwa, wote wawili watapona. Sikuelewa mtu anakula vile na bado anaisha."

Sikumwambia ni nani aliyekuwa akila. Mpaka leo sijamwambia. Niliuchukua uji ule, ukiwa umepoa na kushika utando juu, nikaunywa wote.

Nilishika mimba dani akiwa bado kwetu. Tulikuwa tumeingoja kwa muda mrefu, lakini furaha haikupata nafasi ya kukaa, maana kichefuchefu kilinikamata vibaya. Nilitapika maji, nikatapika mate. Nilikonda tena, safari hii bila kupenda. Niliacha kutembea asubuhi. Nilianza kuota kwamba mimi ndimi ninayesukuma bakuli, na ninayemsukumia simwoni. Nikiamka nilikuwa nimeshika tumbo kwa mikono miwili, nikisikiliza kama kuna mtu ndani anayekula sehemu yangu, au mimi ninayekula yake.

Nilipokwenda kliniki nilimchukua dani. Sista alinipandisha kwenye mizani, akaandika, akanipima presha, akasema presha ni nzuri. Kisha akasema nimepungua na sasa haitakiwi. Nile kidogo kidogo mara nyingi, kitu kikavu nikiamka, na nikishindwa kabisa kushika maji nirudi haraka.

Dani alimkatiza kwa Dholuo, lugha yetu, kwa heshima lakini bila kupepesa macho. "Binti yangu, walisema apungue. Sasa mnasema amepungua. Mnataka nini?"

Sista hakukasirika. Aliweka kalamu chini. "Mama, alikuwa na uzito mwingi na presha ikamsumbua. Akaupunguza kabla ya mimba, hapo alifanya vizuri sana. Sasa ana mtoto, kwa hiyo tunataka apande pole pole, si haraka, si kushuka. Mtamletea chakula, lakini msimlazimishe. Kila mwezi tutaangalia hapa pamoja na wewe."

"Na yule wa kwanza," dani aliuliza, "yeye mngemwambia nini?"

Sista alidhani anamwuliza juu ya mtoto niliyempoteza. Akampa pole. Dani akaipokea.

Baada ya hapo alibadili mapishi. Alinipikia mboga chungu za kienyeji, viazi vitamu, maharagwe, samaki wa mchuzi mwepesi. Sukari alipunguza bila kuambiwa. Kichefuchefu kiliisha, nikaanza kupanda kidogo kila mwezi, na kila mwezi alikuja nami kuiona sindano ya mizani ikisimama, ingawa hasomi namba. Mwezi wa nane wa mimba presha ilipanda kidogo. Wakanilaza, wakanipa dawa, wakaniangalia. Mtoto akazaliwa wiki chache mapema, msichana, mdogo lakini mwenye kelele. Dani alimtazama akiwa mbali kwa siku kadhaa kabla ya kukubali kumbeba.

Maji yalipokwisha kukauka, baada ya karibu mwaka mzima, alitaka kurudi kwake. Nilimsindikiza, mtoto nimemfunga mgongoni. Boma lilikuwa limefunikwa na tope lililokauka na kupasuka, kila mahali sawasawa, kutoka mlangoni mpaka ua wa nyuma. Kaburi la baba lina saruji, lilionekana. La mama halikuwahi kujengewa, lilikuwa kituta tu cha udongo, na kituta hakikuwepo tena.

Dani alihesabu hatua kutoka kona ya nyumba, akasimama. "Hapa," alisema. Akageuka, akatazama mti wa jirani, akasogea. "Hapana. Hapa." Kisha akasogea tena.

"Tutamuuliza mjomba kule Seme," nikamwambia.

"Mjomba hakuwepo. Mimi ndiye niliyekuwepo."

Mtoto akaanza kulia akitaka kunyonya. Hapakuwa na mahali pa kukaa pasipo na tope, nami sikujua ni wapi naweza kukanyaga. Nikamfungua mgongoni, nikamnyonyesha nimesimama pale pale.