Matembezi ya Kutazama Ukuta

Tangu miguu iliponikatalia natembea kwa magongo, ndiyo maana nilikodi gari la dereva aliyejitangaza kwamba anawatembeza kisiwa kizima watu wasioweza kutembea. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuyafungia magongo yangu kwenye buti.

Mtoni, kwenye magofu ya kasri, aliegesha gari likitazama ukuta, ili lipate kivuli, akashuka kwenda kupiga soga na wenzake. "Pumzika, Bi," akaniambia. Kizimkazi mambo yakawa yale yale: wavuvi nawasikia nyuma yangu, bahari nainusa, na mbele ya macho yangu ukuta wa choo. Nikamwomba ageuze gari.

"Hata ukiiona hiyo bahari, Bi, utaifanya nini?"

Jibu nilirudi nalo mjini.

Tulipofika mbele ya nyumba yangu, simu yake ilikuwa haiishi kulia, wageni wengine wanamngoja. Akayaleta magongo mbio, akafungua mlango. "Tumefika, Bi. Shuka."

Nikauvuta mlango, nikaufunga.

"Pumzika, mwanangu," nikamwambia kupitia dirishani. "Mie nshazoea kukaa."