Niliwapa Wazee Mchumba Asiyejua Lolote

Ndugu zangu, kosa ni langu, sina wa kumsingizia.

Mimi ni mhudumu kwenye makao ya wazee hapa Morogoro. Nilipewa kazi ya kuwafanyisha mazoezi. Jamani, mzee akishakaa kwenye kiti chake cha plastiki uani, kumwinua si mchezo! Niliwabembeleza, nikawawekea muziki, wakaniambia nicheze mwenyewe.

Ndipo nikadanganya. Nilimwambia Mzee Mkude, Mluguru wa Matombo, kwamba Bibi Zaina wa bweni la wanawake, ng'ambo ya bustani, huwa anamuulizia. Kesho yake alinyoa ndevu, akatembea mpaka kule na kurudi. Nikaona dawa imepatikana. Mzee Salumu wa Mlali naye nikamwambia hivyo hivyo.

Basi ikawa vurugu. Kila asubuhi wanazunguka bustani vifua mbele, magongo wameyaacha vitandani. Salumu akiinama kushika vidole vya miguu, Mkude naye anainama, hata kama kumnyanyua ni kazi ya watu wawili. Meneja akanisifu mbele ya wageni. Nikavimba kichwa.

Kumbe Mkude, Mkatoliki tangu utotoni, alishamwita shehe ili asilimu, aoe! Shehe alipofika akaomba kwanza amsikie bibi mwenyewe. Tukaenda naye, mimi na Mkude, Salumu akitufuata nyuma, tukamkuta Bibi Zaina anachambua mchicha.

"Mkude yupi?" akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Mkude alinigeukia taratibu.

"Mjukuu wangu, hata jina langu halijui?"

Nikakiri pale pale. Salumu alicheka mpaka akakohoa, kisha akakumbuka kuwa na yeye yumo, akageuka akaondoka.

Watoto wa Mkude walishuka kutoka Matombo wakinitafuta. Meneja akanihamishia jikoni. Hayo nimeyameza. Kinachoniuma ni kwamba Mkude amerudi kwenye kiti chake na hainuki tena. Nikimwamkia shikamoo, anatazama milima.

Juzi Bibi Zaina alinifuata jikoni.

"Ungeniuliza," akasema. "Salumu simtaki. Lakini yule mwingine, ungeniuliza."

Nikamsihi akamwambie mwenyewe, maana mimi Mkude haniamini tena. Akasema haendi kokote, mwanamume ndiye anayefuata. Na mwanamume nimeshamkalisha mimi.

Nyinyi mnaotunza wazee, watembezeni kwa ngoma, kwa mpira, kwa lolote lile la kweli. Msiwachezee mapenzi. Bado wanayo.